Neno Kamaldine Aliapa Mbele ya Wazee

Wasikilizaji wapendwa, muko wapi? Ninyi wa Kasongo, ninyi wa Nyangwe kando ya Lualaba, ninyi wa Kabambare, na ninyi wa Salamabila munaosikiliza na ka redio kamefungwa na mpira kwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu. Mukaribie. Mutoe sufuria kwenye makaa kidogo, isiungue. Leo tunamukumbuka Kamaldine.

Kamaldine wa moto. Kamaldine wa barabara ya Salamabila. Yule alikuwa anapiga honi akifika sokoni, hata kama hakuna mutu mbele yake. Alikufa mwezi uliopita, hapa hapa Kasongo. Alikuwa na miaka makumi mbili na tisa. Alikufa na kansa. Narudia ili wote tusikie: alikufa na kansa, ile ile tulifikiri alikwisha kuishinda.

Lakini leo sitaeleza kansa peke yake. Nitaeleza neno. Neno moja Kamaldine alisema na mudomo wake mwenyewe, mbele ya wazee, mukono juu ya Musahafu. Alilisema juu ya upendo. Na ile neno ikamufunga. Ikafunga muke wake. Ikafunga mutoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Wasikilizaji wapendwa, alikuwa anazunguka ndani ya ile neno miaka yote, kama nzige ndani ya chupa: anaona inje, hatoki.

Mama yake, Mama Rehema, alinipokea kwake. Muke wake, Mwamvita, alinitumia sauti kwenye simu, nyingi, moja inaisha ingine inaingia. Haya nawaambia yametoka kwao.

Tuanze.

Ilianza na kavimbe kadogo kwenye shingo. Kamaldine alifikiri ni kamba ya kofia ya moto. Akafungua kamba. Kavimbe kakabaki. Mama Rehema akamupaka mawese ya moto kila asubuhi. Kavimbe kakaita wenzake, vikawa vitatu, vikashuka mpaka kwenye kwapa. Kijana akaanza kukonda. Akilala, shuka inalowa jasho kama mutu ameimwagia maji.

Kwenye santé, kituo chetu cha afya, kuna munganga mwanamuke, Dieudonnée, mutoto wa Kabambare. Yeye hana maneno mingi. Alimugusa shingo, akamugusa kwapa, akamuambia Mama Rehema: "Mama, huyu asikae hapa. Musingoje soko ya kesho." Wakamupeleka Bukavu. Wakati ule njia ilikuwa inapitika. Bukavu wakamutuma Kampala. Na kule Kampala ndipo ugonjwa ilipata jina: kansa ya matezi. Kamaldine alikuwa na miaka makumi mbili na ine.

Sasa musikilize hapa vizuri, ni hapa mambo yote inaanzia. Mbele ya kumuwekea dawa, daktari mumoja alikaa naye chini. Akamuambia: "Hii dawa inaua ugonjwa, lakini inaweza kuchoma na mbegu ya uzazi. Inawezekana usizae. Inawezekana uzae. Hakuna mutu anaweza kukuapia." Akamuambia tena kuna njia ya kutoa mbegu mbele ya dawa na kuiweka kwenye baridi, ingoje. Lakini chupa ya dawa ilikwisha kutundikwa. Kulikuwa wauguzi wanawake pale, wanaangalia. Kamaldine aliona haya. Akasema: "Tuanze tu."

Inawezekana usizae. Inawezekana uzae. Hiyo ndiyo maneno ya daktari. Muishike.

Kamaldine akapona! Eh, wasikilizaji wapendwa, ile siku alirudi! Mwembamba kama muti wa bendera, nywele zinaanza kuota laini laini. Wenzake kwenye parking ya moto wakamupokea na kelele:

"Bebe amezaliwa! Ona nywele yake!"

"Bebe, umekwisha kunyonya?"

"Acheni, atalia!"

Yeye mwenyewe anacheka, anapiga honi ya moto ya mutu. Alikuwa hivyo.

Lakini kulikuwa kitu kilikuwa kinamukula. Mbele ya ugonjwa, posa yake ilikuwa imekubaliwa kwa Mzee Hamadi, yule anauza vitenge sokoni. Binti ni Mwamvita. Na Mwamvita alikuwa amemungoja wakati wote ule. Watu wengine walikuja kumuomba, hakukubali.

Kamaldine akajisemea: mimi ni mutu wa kansa. Inaweza kurudi. Na mutoto, hakuna anayejua. Huyu binti amefungwa na mimi bure. Nimufungulie.

Lakini namna gani? Munajua namna yetu hapa Kasongo. Kijana akivunja posa bila sababu, hakuna anayesema kijana. Wanasema binti. "Waliona kitu kwake." Ile maneno inamufuata mpaka uzee. Kamaldine hakutaka. Akafikiri, akafikiri. Akaona njia moja: aibu yote iingie kwake yeye.

Akaomba wazee wakutane.

Walikutana kwenye sebule ya Mzee Hamadi. Upande mumoja wazee wa binti. Upande mwingine wazee wa kijana, na mukubwa wao ni Mzee Atumani, baba yake mudogo Kamaldine. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, kama kawaida, na pazia haizuie masikio.

Kamaldine akasimama. Akasema: "Baba zangu, mimi sizai. Daktari alinimalizia. Dawa imechoma yote. Mumufungulie Mwamvita apate mwanaume muzima."

Mutu anaacha kikombe cha chai hewani.

Mzee Hamadi akamuuliza: "Kijana, unasema inawezekana huzai, ao unasema huzai?"

Angalieni! Muzee alimufungulia mulango kabisa! Alimuuliza swali yenyewe! Kamaldine angejibu tu vile daktari alisema. Lakini akisema inawezekana, wazee watasema tungoje tuone, na binti atabaki amefungwa. Akajibu: "Sizai."

"Weka mukono."

Akaweka mukono juu ya Musahafu. Akaapa.

Nyuma ya pazia Mama Rehema akaanguka chini akilia. Mutoto wake wa kiume ni mumoja tu. Ile siku alizika wajukuu wake wote.

Sasa, nani alipanga kitakachofuata? Si Kamaldine! Pazia ikafunguka. Mwamvita akatoka, kitenge kimefungwa vibaya, akasimama katikati ya wazee, na kwetu binti hafanye vile.

"Mumemaliza?" akasema.

"Binti, rudi ndani."

"Nitarudi, baba. Nimesikia yote. Na mimi namutaka vile vile, na sizai yake. Andikeni hiyo ndoa, chai inapoa."

Mzee Atumani alicheka mpaka akakohoa. Wakasoma Fatiha. Na Kamaldine, aliyekuja kumufungulia binti, akatoka pale na ndoa.

Wiki ya harusi, akamuambia Mwamvita ukweli. Kwamba daktari hakusema vile. Daktari alisema inawezekana. Mwamvita alinieleza kwa sauti, na nilisikia bado iko na hasira kidogo: "Nilimutupia muto. Nilimuambia, weye uliapa uongo mbele ya baba yangu juu ya kuniacha? Halafu nikacheka. Nikamuambia tunyamaze. Siku tukizaa, mutoto mwenyewe ataeleza."

Tunyamaze. Hiyo nayo ilikuwa kosa, na Mwamvita anasema ni yake. Kwa sababu daktari alikuwa amemuambia Kamaldine angoje miaka mbili mbele ya kutafuta mutoto, waone kama ugonjwa inarudi. Wakajikinga, wakangoja. Na kwetu muke anaingia ndani, mwezi unapita, mwaka unapita, tumbo haionekane, watu wanajibu wenyewe. Kila mwezi ilikuwa inapigilia ile neno musumari. "Kamaldine hakudanganya. Masikini, hazai kweli."

Miaka mbili ikapita. Wakaacha kujikinga. Hawakumuambia mutu.

Na Mwamvita akashika mimba.

Dieudonnée ndiye aliwaambia, pale kwenye santé. Alisema tu: "Ni mimba." Kamaldine akamuomba aseme tena. "Ni mimba, papa, nina wagonjwa wengine." Kamaldine akatoka mbio, akasahau muke ndani, akapiga honi mpaka parking, akarudi kuchukua muke. Akaenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama! Utakuwa nyanya!"

Mama Rehema alikuwa anachagua muchele. Hakuinua kichwa. Akasema pole pole: "Mwanangu, uko na moyo muzuri. Lakini usinifanye mimi mujinga."

"Mama, ni yangu."

"Nimesikia."

"Mama, nakuapia—"

"Usiape!" Hapo akainua kichwa. "Weye ulikwisha kuapa. Nilikuwa pale. Nililia mpaka macho yangu ikavimba. Usiape tena mbele yangu."

Wasikilizaji wapendwa, munaona ile mutego? Alijitegea mwenyewe!

Akaenda kwenye parking. Akafikiri vijana wenzake watafurahi. Walifurahi! Walimukumbatia!

"Kamaldine, weye ni mwanaume. Mimi singeweza."

"Singeweza nini?"

"Kulea. Uko na moyo muzuri, bwana."

"Ni mutoto wangu!"

"Ndiyo, kaka. Ni wako. Nani alisema si wako?" Na anaangalia mwingine, na yule mwingine anaangalia tairi.

"Nasema nimezaa mimi! Mimi!"

"Sema hivyo hivyo. Hivyo hivyo. Usikubali mutu akuseme vibaya."

Akipaza sauti, wanamuhurumia. Akinyamaza, wanasema amekubali. Akicheka na muke wake njiani, moyo muzuri. Akimununulia samaki ya Nyangwe, eh, moyo muzuri sana. Hakuna mutu alimutukana. Laiti wangemutukana! Mutu akikutukana unamujibu. Hawa walikuwa wanamusifu. Kila sifa kwake ilikuwa tusi kwa muke wake, na yeye hana fasi ya kupiga.

Kwa Mwamvita hakukuwa sifa. Kwake kulikuwa macho. Darlène, jirani wao, rafiki yake wa siku zote, akaacha kuingia bila kubisha. Watu wakatafuta na baba wa mutoto. Wakachagua Amisi, fundi wa cherehani mwenye kukaa mbele ya duka ya Mzee Hamadi, masikini, kwa sababu tu alimushonea Mwamvita nguo pana. Amisi akahamisha cherehani mpaka upande mwingine wa soko. Watu wakasema: mumeona? Anakimbia.

Mwamvita akaacha kutoka. Alikuwa anapika na mulango umefungwa. Kuna siku alimuambia bwana wake: "Kamaldine, mimi sikuzini, lakini nakaa kama mutu aliyezini. Ulinipenda vibaya. Ondoa ile neno."

Ondoa ile neno. Kuanzia hapo, wasikilizaji wapendwa, Kamaldine alikuwa na kazi moja tu katika maisha yake. Mutoto ajulikane ni wake. Na muke wake atembee sokoni.

Kwanza akaenda kwa Dieudonnée. Dieudonnée akamuambia: "Nenda Kindu, wakupime mbegu. Hii kitu inapimwa." Akapanda njia ya Kindu na moto yake mwenyewe, matope mpaka magoti. Wakamupima. Wakamuambia: iko hai, si mingi, lakini iko. Akarudi anaimba. Akamuambia mama yake. Mama Rehema akamuuliza: "Kindu kuna kitu gani hakiuzwe?"

Basi. Ikabaki njia moja. Wale wazee. Wale wale, sebule ile ile. Neno ilitoka pale, iondokee pale.

Mzee Hamadi aliwaita. Yeye alitaka sana. Binti yake alikuwa anasemwa, na wateja walikuwa wanagusa kitenge na kuacha. Wakakaa. Kamaldine akasimama. Mwamvita nyuma ya pazia, tumbo yake kubwa sasa.

"Baba zangu, mbele ya ndoa niliwaambia sizai, nikaapa. Nilidanganya. Daktari alisema inawezekana. Mimi nilikata neno, juu ya kumufungulia Mwamvita bila aibu. Mutoto ni wangu. Namuomba Mungu msamaha, nawaomba ninyi msamaha."

Mzee Atumani, baba yake mudogo, akasema na sauti ya upole kabisa:

"Kijana. Ile siku hukuwa na kitu cha kupata, na uliapa. Leo uko na muke wa kulinda. Ukiwa mimi, ungeamini siku gani?"

"Baba, ya leo."

"Nilijua utasema hivyo." Na yule muzee akaanza kutoa machozi. "Ona vile anamupenda. Anakubali aitwe mwongo wa Musahafu, juu ya muke. Sisi wazee hatukupenda wake zetu hivi."

Wakatikisa vichwa. Sheikh aliyekuwa pale akasema kwa sheria mutoto anayezaliwa ndani ya ndoa ni wa bwana wa ile ndoa, mambo imekwisha, watu wasiulize tena. Alisema kweli, na alisema juu ya kusaidia. Lakini inje watu wakasikia nini? "Sheikh amekataza kuuliza." Kwa hiyo kuna kitu!

Wakasoma Fatiha. Wakamupiga Kamaldine mugongoni, mumoja mumoja, wakitoka. Mwamvita anasema bwana wake alibaki amesimama katikati ya sebule, mikono inaning'inia, akauliza pazia: "Nifanye nini tena? Nisizae?"

Mutoto akazaliwa. Hidaya. Mutoto wa kike, afya nzuri, sauti kubwa. Kwetu munajua, mama wa bwana anakuja, anamushika mutoto, anatafuta: masikio haya ya fulani, kidole hiki cha fulani, paji hili la babu. Ndiyo furaha yenyewe. Mama Rehema alikuja. Alimushika Hidaya. Alimuangalia. Akasema: "Mutoto muzuri." Akamurudisha. Wanawake wote mule ndani walisikia vile hakusema.

Akika ilifanyika. Watu walikula. Watu walisifu.

Sasa nawaambia sehemu ngumu. Baada ya miaka mbili kavimbe kalirudi. Kamaldine alikashika mwenyewe, anajipaka sabuni. Akajua. Dieudonnée naye akajua. Lakini mwaka huu, wasikilizaji wapendwa, njia ya Bukavu munaijua. Vita imeifunga. Yule kijana wa barabara, mwenye kupita fasi hata mbuzi inateleza, alikosa barabara. Walitafuta dawa kwa njia ya Kindu, walipiga simu huku na huku. Dawa haikufika. Alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, moto yake imeegemea ukuta, na Hidaya anapanda juu yake anapiga honi.

Alimufundisha yeye. Ile honi.

Na katika siku zile, Mwamvita akajua kwamba iko na mimba tena. Mimba ya pili. Changa. Walijua wawili tu. Kamaldine alitaka kutangaza, alisema: "Safari hii nitapanda juu ya nyumba." Mwamvita akamukataza. Akamuambia: "Ngoja upate nguvu. Sina nguvu ya kusikia tena uko na moyo muzuri." Wakangoja. Kamaldine alikufa asubuhi, chai yake haijapoa, mutoto anacheza mulangoni.

Wasikilizaji wapendwa. Kuna kitu kinafanyika katika nyumba zetu siku ya kifo. Kwa wale hawajui, naeleza. Mbele ya jeneza kuinuliwa, mama mukubwa wa upande wa bwana anasimama mbele ya mujane, na anamuuliza kwa sauti kubwa, mpaka wanaume wa inje wasikie: uko peke yako, ao muko wawili? Ni juu ya kujua eda. Mujane mwenye mimba, eda yake ni mpaka azae. Na ni juu ya mutoto, kesho asikose baba. Mujane anajibu mbele ya maiti. Akijibu, imekwisha.

Mama mukubwa wa ile nyumba ni nani? Mama Rehema.

Mwamvita anasema alijua ile swali inakuja. Aliisikia inatembea kuelekea kwake. Akafikiri: nikisema niko peke yangu, tumbo itatokea, na nitakuwa malaya wa kweli. Nikisema tuko wawili, mbele ya watu wote hawa, mbele ya bwana wangu ambaye wote walisikia aliapa hazai, na mwaka huu wote alikuwa mugonjwa kwenye kiti... Watanimeza. Alitafuta mulango ndani ya kichwa chake. Hakuna.

Mama Rehema akasimama mbele yake.

"Mwamvita. Uko peke yako, ao muko wawili?"

Inje wabebaji walikuwa wamekwisha kushika jeneza. Mwamvita akaangalia chini.

"Tuko wawili."

Inje mutu akakohoa. Mwingine akasema "Ah." Hiyo tu: "Ah." Darlène, aliyekuwa amemushika Mwamvita bega, mukono wake ukalegea.

Mama Rehema hakusogea. Mwamvita anasema aliona tu miguu yake, mavumbi juu ya miguu, na ile miguu haikuenda. Wabebaji wanangoja. Jua linapanda. Watu wanaanza kunong'ona. Na Mama Rehema akageuka upande wa mulango, akasema na sauti ile ile ya kuuliza, sauti ya kufika inje:

"Mumesikia? Mwanangu ameacha watoto wawili. Muinue."

Wakamuinua.

Nilimuuliza Mama Rehema, pale kwake: mama, ile siku uliamini? Alikuwa anamutoa Hidaya mikono ndani ya ndoo ya maji. Akanijibu hivi, na nimechunga sauti yake kwenye simu:

"Nilimuamini mwanangu siku alidanganya. Sikumuamini siku alisema kweli. Alikufa ananiangalia, ananingoja niseme. Weye kijana wa redio unataka nikuambie nini? Mukwe wangu iko ndani kwangu. Eda yake atakalia kwangu, na atazalia kwangu. Ukitaka kujua kitu kingine, uliza jirani, wao wanajua yote."

Na jirani nao wanasema nini? Nimepita, nimewauliza. Munajua walinijibu nini? Wanasema: "Mama Rehema, ehe, yule mama iko na moyo muzuri."

Wasikilizaji wapendwa, redio yetu inatoa pole kwa familia. Pole kwa Mama Rehema. Pole kwa Mzee Hamadi na Mzee Atumani. Pole kwa vijana wa parking, walizima moto zao zote ile siku. Pole kwa Hidaya. Na pole, pole sana, kwa Mwamvita, mwenye kutusikia sasa hivi nyuma ya mulango uliofungwa.

Na kwetu sisi wengine, tufikiri. Weye kijana umepita kwenye dawa ya kansa, ao unaenda kuanza: muulize daktari mambo ya uzazi mbele chupa haijatundikwa, hata kama kuna wanawake wanaangalia. Ukiambiwa ungoje, ngoja. Ukitaka kujua, nenda wakupime. Na akikuambia inawezekana, rudi nyumbani na inawezekana. Usiikate. Usiiongeze. Na sisi tunaobaki sokoni, tumbo ya mutu si kazi yetu kuihesabia.

Nataka kumaliza. Watu wengi walinipigia simu juu ya hiki kipindi, na wote wananiambia kitu kimoja: usisahau kusema Kamaldine alikuwa na moyo muzuri. Lakini Mwamvita alinitumia sauti moja ya mwisho, fupi. Anasema: "Mudogo wangu, nakuomba. Wote watakuambia useme moyo muzuri. Usiseme. Weye sema tu ile kitu alitafuta watu waseme, akakosa."

Mwamvita, ongeza sauti ya redio yako. Fungua dirisha, jirani wasikie.

Kamaldine alizaa.